Umekwisha Andikwa

Bi Mwamvita alipotoa wosia wake, hakuna aliyeuelewa. Alisema akifa asizikwe ndani ya ukuta wa makaburi ya ukoo, alikolala Bwana Abbasi, baba wa watoto wake, pamoja na wazee wa ukoo huo. Azikwe nje ya ukuta, upande wa miguuni kwa Bwana, na asiwekewe alama yoyote. Mwanawe Omari, fundi cherehani wa mtaa wa Kanyenye, Tabora, mtu mzima mwenye mvi zake, alidhani homa imempanda mama. Akamgusa paji la uso. Halikuwa na homa hata kidogo.

"Mama, watu watasema tumekutupa."

"Watasema, kisha watachoka. Kila mtu na mahali pake."

"Lakini kwa nini?"

"Karatasi inajua," akasema Bi Mwamvita, akafumba macho. Alipofumba macho yule bibi, hata liwali angesubiri.

Karatasi hiyo kila mtu nyumbani aliijua kwa kusikia. Ilikaa ndani ya kibweta cha mbao chini ya kitanda, na funguo yake ilikaa kwenye pindo la kanga yake usiku na mchana. Wajukuu walikua wakiambiwa ni karatasi ya Mjerumani, na kwa kuwa siku zile neno Mjerumani lilitosha kumnyamazisha mtoto, wakanyamaza, wakakua hivyo hivyo. Omari aliamini ni hati ya nyumba. Zamda, binti wa marehemu Shaban ndugu yake Omari, yeye alikuwa ameiona mara moja tu. Alikuwa mdogo, paa lilivuja, na bibi akaianika karatasi juu ya ungo. Alichokumbuka ni herufi nene, nyeusi, zenye miiba, ambazo hazikufanana na za Kiarabu za chuoni wala za Kizungu za shuleni. Alidhani ni dua ya kufukuzia mashetani.

Na kwa kweli nyumba yenyewe ilistahili dua. Ilijengwa zamani za misafara, kuta zake nene hata mtu akilia chumba hiki, aliye chumba cha pili hasikii. Madirisha yalikuwa madogo, ya kupitishia hewa tu, si ya kuangalia nje. Nyuma kulikuwa na ghala lililowahi kuwekewa pembe za ndovu, na watu vilevile, ingawa la watu halikusemwa. Mwaka ule, wa tisa tangu Uhuru, mtu akisema habari za bwana na mtwana aliambiwa anarudisha nyuma maendeleo. Sote ni ndugu. Ndugu katibu, ndugu mwalimu, ndugu balozi wa nyumba kumi. Maneno mazuri, sina ugomvi nayo. Ila kuna vidonda ambavyo ukivifunika kitambaa kizuri, vinanuka kupitia kitambaa.

Zamda alikuwa na miaka ishirini na minane, mwalimu wa Kiswahili, na bibi ndiye aliyemlea tangu baba na mama walipofuatana kaburini. Wosia ule ulimkaa rohoni. Yeye ndiye angemwosha bibi, yeye ndiye angemvika sanda, na halafu amwone akipitishwa mbele ya lango la makaburi ya nyumba yake mwenyewe na kufukiwa nje, kama msafiri aliyeokotwa barabarani? Akaapa kwamba kabla bibi hajaondoka duniani atajua karatasi ile inasema nini.

Neno lilimfungulia njia. Serikali ilikuwa imekipa Kiswahili kazi zote kwa mkupuo, ofisini, mahakamani, shuleni, na kamati ya istilahi kutoka Dar es Salaam ikawa inatuma orodha za maneno ya Kiingereza mikoani, walimu wapendekeze Kiswahili chake. Orodha ya Tabora alipewa Zamda, kwa sababu ya kawaida ya kugawa kazi: ndiye aliyekuwa karibu. Ilikuwa na maneno mia na ishirini. Mengi aliyamaliza kwa jioni mbili. Moja lilimshinda, tena lilikuwa limeandikwa mara tatu. Gothic, majenzi. Gothic, uchapaji. Gothic, fasihi. Kamusi kubwa ya shule ingemsaidia, lakini mchwa walikwisha kuisoma kuanzia herufi F mpaka J.

Mwalimu mwenzake akamwambia, nenda kwa mzee Ambrosi Kashindye wa kiwanda cha chapa, kule misheni. Mzee yule alizaliwa Choma kwa wafuga ng'ombe, akaletwa misheni kijana, na tangu hapo hakuchunga tena kitu ila herufi za risasi. Alikuwa amezipanga miaka arobaini na kitu, hata akazoea kusoma kinyumenyume kuliko kusoma sawasawa. Vidole vyake havikutakata hata siku ya Pasaka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Umetumwa na Serikali au na Mungu? Maana wa Mungu wanapita mlango ule."

"Nimetumwa na neno," akasema Zamda, akamwonyesha orodha.

Mzee Ambrosi alipoliona akacheka, akamshika mkono akamtoa nje mpaka kwenye kanisa la misheni. Akamwambia atazame madirisha. Yalikuwa marefu, membamba, na juu hayakuzunguka bali yalikutana kwa ncha, kama mtu aliyeunganisha viganja kuomba. Ndani kulikuwa na giza la ubaridi na harufu ya nta.

"Hilo ni la kwanza," akasema mzee. "Tao la ncha. Bruda Anton aliyenifundisha kazi alikuwa Mjerumani, na alikuwa akisimama hapa ananieleza mpaka uji unapoa. Wagothi, akasema, walikuwa watu tu, kama sisi Wasukuma tulivyo watu. Walitoka kaskazini wakauteka mji wa Roma. Kabila limekwisha, lugha yao imebaki kwenye kurasa chache za Injili, hakuna mama anayembembelezea mtoto kwa lugha hiyo. Miaka mingi baadaye mabwana wa Italia wakayaona majengo haya ya ncha, hawakuyapenda, wakayaita ya Kigothi."

"Kwani Wagothi ndio waliyajenga?"

"Wapi. Walikuwa wamekufa zamani. Walitaka kusema ya kishenzi, basi."

"Kumbe ni tusi."

"Lilikuwa tusi. Likazoeleka midomoni, leo wanalisifia."

Zamda akayatazama tena. "Mbona hata mlango wa msikiti wetu wa zamani una ncha hivi?"

"Nilimwuliza hivyo hivyo Bruda. Akasema huenda mafundi wa kwao waliiga kwenu. Halafu akakumbuka ana kazi ofisini."

Wakacheka wote wawili. Lakini Zamda alikuwa akiwaza majina ambayo watu hupewa na wasiowapenda. Wanyamwezi walipewa jina lao na watu wa pwani, wala hawakuulizwa. Na mjini hapa, neno Mmanyema, ambalo wengi walilisikia kama mtumwa, lilitosha kumfanya mwanamke ainamishe kichwa kisimani.

Mzee akasoma maelezo ya neno la tatu, la fasihi, kwa sauti: "Hadithi za hofu. Nyumba kongwe, chumba kilichofungwa, dhambi ya marehemu inayowasumbua walio hai." Akamrudishia orodha. "Hii si Tabora hii? Hawakuwa na haja ya kwenda kuitafuta Ulaya."

Ndipo wakarudi kiwandani amwonyeshe lile la katikati, la uchapaji. Akavuta droo ya chini kabisa, iliyojaa vumbi, akatoa herufi za zamani alizoziacha Bruda. Akapanga tano, akazipaka wino, akakandamizia karatasi. Lilikuwa jina lake, Zamda, lakini Zamda hakulitambua kwanza. Kila herufi ilikuwa nene, imepinda, imeota miiba. Zilikuwa zile zile alizoziona juu ya ungo akiwa mtoto.

"Waliandikia nini herufi hizi, mzee?"

"Wajerumani? Kila kitu. Gazeti, sheria, Biblia, risiti ya kodi. Hapa mjini, anayezisoma nadhani nimebaki mimi."

Alipofika nyumbani hakuzunguka. Mvua ilikuwa inanyesha tangu adhuhuri, na bibi alikuwa kitandani amejifunika shuka, anatafuna michembe ya viazi vikavu taratibu kwa meno yake machache. Zamda akakaa miguuni pake akamwambia, bibi, nimempata mtu anayesoma karatasi yako.

Bi Mwamvita akaacha kutafuna. Kisha, bila kuhimizwa, kama mtu aliyechoka kubeba, akaanza kutua mzigo wake.

"Ninyi mmeambiwa nilitoka Ujiji, nikaolewa na Bwana. Ujiji nilipita tu, nimefungwa kamba. Kwetu Manyema, ng'ambo ya ziwa. Hata jina hili si langu, nililetwa hapa wakati wa vita, Bwana akasema basi ni Mwamvita. La kwetu nimelisahau. Bwana hakunioa. Mahari yangu hakuna aliyeyataja. Nilikuwa mtumwa wa nyumba hii, Zamda, na ndiyo niliyo."

Zamda akamfunika vizuri shuka miguuni.

"Siku moja nilivunja mtungi, Bwana akanichapa kiboko mpaka damu. Mzungu wa boma alikuwa anapita, akaona. Kesho yake tukaitwa wote wawili. Nilikuwa na miaka kama kumi na mitano, matiti ndiyo yanaota. Mzungu akaandika, akasema sana, kwa Kijerumani. Mkalimani, rafiki yake Bwana, akanigeukia akasema, 'Umekwisha andikwa. Chukua karatasi yako, nenda.' Nikaichukua. Tulipofika njiani Bwana akaniambia, 'Umesikia? Zamani ulikuwa wangu kwa mdomo. Sasa umeandikwa, ni wangu kwa Serikali. Ukitoroka, Serikali ndiyo itakayokutafuta, na karatasi hiyo ndiyo itakayokushtaki. Itunze.' Nikaitunza."

"Bibi, hata dini inasema mwanamke aliyemzalia bwana wake, bwana akifa, huwa huru."

"Dini ndiyo. Serikali je? Mimi niliandikwa na Serikali."

Lililofuata alilisema kwa sauti ndogo, Zamda akalazimika kuinama.

"Reli ilipofika hapa, mwaka wa pili wake, kaka yangu alikuja. Kalonda. Alikuwa mpagazi, alitembea kutoka kwetu mpaka Ujiji, kutoka Ujiji mpaka hapa, anauliza kila kisima. Akanikuta nateka maji. Nilimjua kwa masikio, ana masikio ya baba. Akaniambia, twende. Nikamwambia siwezi, nimeandikwa. Akacheka. Yeye kuandikwa alikujua kwa upagazi tu. Mpagazi huandikwa Ujiji, akitua mzigo pwani anafutwa, anarudi kwao. Akaniuliza, 'Umeandikwa mpaka lini?' Nikamwambia sina mpaka lini. Akakaa siku tatu pale kisimani, amelala chini na bunda lake la nguo alizoninunulia. Kila nikija kuteka ananiuliza, nami namjibu vile vile. Siku ya nne sikumkuta. Nguo alizitundika mtini, wakazichukua wengine."

Mvua ilikuwa imepungua, maji yakidondoka kutoka ukingo wa paa. Bi Mwamvita akaifungua funguo kwenye pindo la kanga.

"Chukua. Mpelekee mzee wako aisome, upate kuamini. Mtumwa halali safu moja na mabwana zake. Nimekula chumvi ya nyumba hii miaka yote, sitaki kuingia kaburini na uongo."

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne na kulegea kama kitambaa. Zamda akaifungua penye mwanga wa mlango. Ile miiba myeusi hakuifahamu. Lakini chini, chini kabisa, palikuwa na mstari mmoja wa herufi za Kiarabu, na hizo alizisoma tangu chuoni. Abbasi bin Omari, nimesikia na nimeridhika. Ridhaa ya mwenye mali, akadhani, kwenye hati ya mali yake.

Asubuhi yake alikuwa misheni kabla ya mashine kuanza. Mzee Ambrosi akavaa miwani, akaitandaza karatasi juu ya meza. Midomo yake ikawa inatembea. Akafika mwisho, akarudi juu, akasoma tena, na safari hii uso wake ulikuwa umebadilika.

"Bibi yako anadhani hii ni karatasi ya nini?"

"Ya utumwa wake."

Mzee akavua miwani akaifuta kwa shati, ingawa shati lilikuwa chafu kuliko miwani. Kisha akaweka kidole cheusi kwenye neno kubwa la juu, akasoma polepole huku akigeuza kwa Kiswahili. "Barua ya uhuru. Mwanamke Mwamvita, umri kama miaka kumi na mitano, kabila lake Mmanyema, mkazi wa Tabora, kuanzia leo ni mtu huru. Asiwepo mtu yeyote wa kudai haki juu yake. Tarehe kumi na moja Machi, mwaka elfu moja mia tisa na nane. Kisha sahihi ya ofisa, na muhuri. Na hapa aliyekuwa bwana wake anakiri kwamba amesomewa na ameridhika."

Zamda akahesabu miaka. Reli iliingia Tabora miaka minne baada ya tarehe ile. Siku zile tatu pale kisimani, Kalonda akiuliza mpaka lini, dada yake alikuwa huru kama yeye, na uhuru wake umekunjwa mara nne ndani ya kibweta. Kisha alimzalia Bwana watoto wawili. Akapika, akafua, akakanda miguu ya mzee yule alipougua, akamlilia alipokufa. Yote hayo akiwa huru na hajui.

"Bruda alikuwa akisema hizi ndizo herufi nzuri kuliko zote duniani," akasema mzee Ambrosi. "Nimezipenda miaka arobaini. Leo nimeona ubaya wake."

"Ungekuwa wewe, ungemwambia?"

"Mimi ni mpanga herufi, mwalimu. Hupanga nilichopewa. Hilo unaloniuliza si la kwangu."

Kwa hiyo Zamda alirudi nalo mwenyewe. Orodha ya kamati aliimalizia njiani, amesimama posta. Kwenye nafasi zote tatu aliandika Kigothi, na palipotakiwa maelezo hakuandika kitu. Bibi alipouliza, akamwambia mzee Ambrosi amesafiri kwenda msibani Choma. Uongo wa kwanza kumwambia bibi tangu utoto.

Siku tatu alizunguka nao. Tusimlaumu haraka. Sisi tunaosikia hadithi tumekaa tunaona ni jambo jepesi, ukweli ni ukweli, sema. Lakini Bi Mwamvita alikuwa na faraja moja tu maisha yake yote, nayo ni kwamba hakuwa na la kufanya. Alimkatalia Kalonda kwa sababu alifungwa. Ukimwambia hakufungwa, faraja hiyo umeiua, na huna nyingine ya kumpa. Halafu kulikuwa na la baba yake mkubwa Omari, na la marehemu Shaban, baba yake yeye mwenyewe. Mtoto wa suria ni mtoto halali wa baba yake, ndivyo mji ulivyohukumu tangu zamani. Lakini mwanamke huru aliyezaa bila ndoa, watoto wake mji huwaita vingine. Na Bwana Abbasi alilijua hilo, maana aliridhika kwa mkono wake. Mzee yule aliyesifiwa kwa ibada, aliyekuwa safu ya kwanza msikitini, alimficha mwanamke uhuru wake na kuwafanya wanawe kuwa hivyo, kwa ajili ya kutekewa maji. Zamda akamchukia mfu kwa chuki ambayo hakujua anayo.

Siku ya nne, Ijumaa baada ya swala, Omari alikuja na fundi mwashi kupima ukuta wa makaburi. Alikuwa amekata shauri, maskini, kwamba kama mama hataki kuingia ndani, basi ukuta usogezwe umfuate huko huko nje. Bi Mwamvita akasikia sauti zao uani, kupitia dirisha dogo. Akamwita Zamda.

"Mwambie Omari aache. Asimsumbue Bwana kwa ajili yangu." Akamtazama mjukuu wake usoni, na macho yake yalikuwa yameingia ukungu lakini hayakuwa yamepofuka. "Mzee wako hajasafiri. Tangu uitoe ile karatasi hujanitazama. Niambie."

Ikawa hakuna pa kukimbilia. Zamda akakaa chini kwenye mkeka, akaifungua karatasi, na kwa kuwa hakuweza kumtazama bibi aliitazama ile miiba myeusi, akayasema maneno ya mzee Ambrosi moja baada ya jingine, kama mwanafunzi aliyekariri. Akafika kwenye tarehe. Akaisema.

Bi Mwamvita hakulia. "Irudie," akasema.

Zamda akairudia.

"Hapo pa kudai. Pasemaje?"

"Asiwepo mtu yeyote wa kudai haki juu yake."

"Juu yangu mimi."

"Juu yako, bibi."

Nje mwashi alikuwa akisema matofali mangapi yatahitajika, na Omari akimjibu. Bibi akasikiliza kama mtu anayesikia habari za mji mwingine. Mikono yake, iliyojaa mishipa, ilikuwa imelala juu ya shuka viganja juu.

"Kalonda aliniuliza mpaka lini," akasema. "Siku tatu. Nikamwacha alale chini."

"Ulidanganywa, bibi. Kosa si lako."

"Najua si langu. Kulijua kumenirudishia nini?" Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomwumiza Zamda kuliko kelele. Kisha akasema, "Mwambie Omari amlipe fundi wa watu aende zake. Msinizike nje ya ukuta wao, na msinizike ndani. Kuna makaburi ya mji, wanakozikwa watu wote. Nipelekeni huko."

"Nitamwambia."

"Na hayo mengine usimwambie. Amezeeka, ana wajukuu. Yabaki kwangu na kwako."

Zamda akaitikia kwa kichwa, akilia sasa waziwazi, karatasi imemlowa mikononi. Alidhani yamekwisha. Alikuwa amejiandaa kwa maswali yote ambayo bibi angeuliza, juu ya Kalonda, juu ya watoto, juu ya dini na kaburi. Lililokuja hakulitarajia.

"Yule Mzungu aliyeandika, alijua mimi sijui kusoma?"

Zamda akafuta uso. "Alijua, bibi."

"Na mkalimani?"

"Alijua."

"Na Abbasi?"

Miaka ishirini na minne Zamda alikuwa ameishi na mwanamke huyu, na hakuwahi kumsikia akilitaja jina lile bila kutanguliza Bwana. Akaugusa kwa kidole ule mstari wa Kiarabu ulio chini ya karatasi.

"Ameandika hapa kwamba alijua uko huru."

Bi Mwamvita akanyoosha mkono, akaichukua karatasi, akaisogeza karibu na macho yake yenye ukungu, akaitazama muda mrefu, juu mpaka chini, kama anayesoma.

"Basi tulikuwa watu wanne siku ile," akasema, "na asiyejua nilikuwa mimi peke yangu."